Nyuki kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30: shajara ya mradi wetu, Nzuguni, Dodoma

6 Oktoba 2024

Leo saa nane mchana kundi la nyuki limetua uani kwetu. Wamejining'iniza kwenye tawi la mwarobaini wa kona ya nyuma, kundi zima limeshikamana kama kibuyu, urefu wa dhiraa moja hivi. Watoto walikuwa wanamwagilia mchicha, wakaja mbio. Nikawaingiza ndani, nikafunga madirisha, nikatoka na khanga kichwani kuangalia kwa mbali.

Baba mkwe wangu, ambaye anaishi nasi tangu mwaka jana, alikuwa kibarazani. Amefuga nyuki Manyoni maisha yake yote, kwa mizinga ya magogo aliyochonga mwenyewe na kuitundika porini. "Mama," akaniambia, "hawa wako safarini. Wamejaza asali tumboni na hawana nyumba ya kulinda. Leo hawana neno na mtu." Kisha akaongeza: "Siku watakapokuwa na watoto ndipo utawajua." Hilo la pili nililisikia kwa sikio moja.

Nimeamua tuwafuge. Nyumba imechukua karibu nusu ya kiwanja, na nyuma kuna bustani: mchicha, mlenda, maboga, mipapai miwili, mlonge, na mzabibu tuliopandisha kwenye kichanja. Miaka miwili sasa maboga yanachanua vizuri, halafu vitoto vinageuka manjano na kudondoka. Najua ni uchavushaji, maana nikichuma ua dume alfajiri na kulipaka kwenye ua jike kwa mkono, boga linashika. Kwa hiyo nyuki hawa nimewapokea kwa mikono miwili.

Magharibi Baba amewakung'utia kwenye boksi la tivii lililotobolewa matundu. Hajavaa chochote zaidi ya koti lake. Hakuna aliyeumwa.

9 Oktoba

Mzinga umefika, wa viunzi vya juu, huu ambao masega yananing'inia kwenye vibao vilivyopangwa juu kama mbavu. Fundi seremala nilimsisitizia upana wa kiunzi uwe milimita 32. Akacheka, akasema, "Dada, hiyo si inchi moja na robo tu?" Ni kweli, ndiyo hiyo hiyo. Kipimo hiki si cha kubahatisha: ni nafasi ambayo nyuki wetu wenyewe huachiana kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Kibao kikiwa kipana zaidi wanaanza kujenga kwa kukatiza, sega moja linashika vibao viwili vitatu, na hapo huwezi kukagua bila kuwabomolea nyumba.

Baba ameyeyusha nta kwenye sufuria kuukuu na kupaka mstari mwembamba katikati ya kila kiunzi. Usiku tumewahamisha. Mzinga tumeuweka juu ya stendi karibu na ukuta wa nyuma, mahali ambapo watoto hawapiti.

Nyuma ya ukuta ule ni uani kwa jirani. Kwake sikubisha hodi. Naliandika hapa kwa sababu kila kilichofuata kimeanzia hapo.

30 Oktoba

Mama jirani ameniita kwa juu ya ukuta. Nyuki wamejaa kwenye bomba lake na kwenye ndoo anazokinga maji. Anawatoa kwa kikombe kabla ya kuchota. Nimemwomba radhi, nimemwambia ni nyuki wangu na nitalishughulikia.

Dodoma mwezi huu hakuna tone la mvua tangu Aprili, na mzinga unahitaji maji mengi kwenye joto hili. Wanayatandaza ndani na kuyapepea kwa mbawa ili masega yasilainike. Nimeweka beseni lenye kokoto na vijiti vya kutua wasizame, kivulini chini ya mlonge. Siku nzima ametua mmoja. Baba anasema nyuki wakishazoea kisima wanaambizana, na kuwaachisha ni kazi. Maji yalipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza, kabla hawajajua pa mtu mwingine.

11 Novemba

Nimefungua mzinga na Baba jioni. Masega saba. Majana, yaani watoto wa nyuki, yapo ya kila umri, mengine yamefunikwa kwa nta ya rangi ya kahawia. Nyuki kibarua anatoka kwenye chumba chake baada ya wiki tatu hivi tangu yai litagwe, kwa hiyo uzao wa kwanza umeshatoka na kundi limeongezeka. Safari hii Baba amevaa, kofia ya wavu na glavu. Nimeliona hilo, lakini sikuuliza.

Bomba la jirani sasa lina nyuki wachache zaidi. Sio kwamba wameisha.

17 Novemba

Naandika usiku, mikono bado inatetemeka.

Mchana saa nane na nusu jirani alikuwa na fundi wa geti. Akawasha grenda kukata bomba za chuma, hatua kama nne kutoka kwenye ukuta wetu. Nilikuwa jikoni. Nilisikia grenda, halafu nikasikia sauti nyingine juu yake, kama mvua inayokuja juu ya bati, halafu kelele za watu.

Nilipotoka uani hewa ilikuwa inanuka ndizi mbivu. Baba alishaniambia habari za harufu hiyo: nyuki mmoja akichoma anaacha harufu ya kuita wenzake pale pale alipochoma, na wanakuja kwa harufu. Mtikisiko na makelele ya mashine vimewachokoza, wa kwanza akachoma, wengine wakafuata. Walikuwa wanavuka ukuta kwa usawa wa kichwa cha mtu.

Baba akawasha bomba la moshi kwa magunzi na kinyesi kikavu cha ng'ombe, akaenda mzingani akiwa na kofia tu, akipaza sauti: "Ingieni ndani! Msiwapige! Fungeni mlango!" Fundi aliacha grenda ikaanguka, akakimbilia chumbani kwa mama jirani. Mjukuu wa mama, binti wa miaka sita, alikuwa anacheza chini ya kamba ya nguo na alichelewa. Nilimbeba nimemfunika khanga mpaka ndani kwangu.

Alikuwa ameumwa mara tatu, mbili kwenye paji la uso na moja juu ya jicho. Niliinamisha uso wake kwenye mwanga wa dirisha. Mwiba ulikuwa umesimama kwenye ngozi, na juu yake kifuko cheupe kidogo kuliko punje ya ulezi, kimeachwa na nyuki, kikiwa bado kinapwita chenyewe, kinasukuma sumu ndani ya mtoto. Nikaukwangua kwa ukucha, na wa pili, na wa tatu. Ukiuona mwiba uutoe hapo hapo, kwa ukucha, kisu au chochote ulicho nacho mkononi; kila sekunde unayotafuta kifaa bora, sumu inaingia.

Fundi aliumwa mara kumi na nne. Tuliwapeleka wote wawili zahanati. Wakakaa chini ya uangalizi mpaka jioni, wanaangaliwa kama midomo inavimba, kama pumzi inabana, kama kuna kizunguzungu au vipele mwili mzima, maana mtu ambaye damu yake haielewani na sumu ya nyuki anaweza kupoteza maisha kwa mwiba mmoja, haraka. Mungu ametusaidia. Mtoto amevimba jicho limefumba kabisa, fundi ana maumivu, basi.

Kuku wawili wa mama jirani wamekufa. Walikuwa chini ya tenga.

18 Novemba

Nimekwenda kwa mama jirani asubuhi na mume wangu na Baba. Baba ndiye aliyeanza, kwa Kigogo, salamu ya mbukwenyi na mengine ambayo sikuyapata yote. Mimi nilisema yangu: gharama za matibabu zote ni zetu, kuku tutalipa, na mzinga unaondoka wiki hii.

Mama alikaa kimya muda. Kisha akasema: "Mwanangu, sikuchukii wewe wala hao nyuki. Ila ungeniambia upo mzinga hapo nyuma, fundi ningemweka mbele barazani. Na kuku ningewafungulia, wangejikimbilia."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima kiunzi kwa milimita, sikumpimia jirani hata neno moja.

Mchana afisa nyuki wa halmashauri amekuja kuangalia. Amesema wazi kwamba nyuki hawa wanaouma si wa kuwekwa katikati ya makazi: manzuki, yaani mahali pa kuwekea mizinga, ikae angalau mita mia mbili kutoka kwenye nyumba, njia na mazizi. Ameniambia pia ufugaji nyuki una sheria yake hapa nchini, ya mwaka 2002, na kwamba angefurahi watu wapite ofisini kwake kabla ya kununua mzinga. Nilimuuliza kuhusu picha zinazozunguka za mizinga kwenye bustani za mijini huko Ulaya. Akasema nyuki wa kule wamechaguliwa kwa upole vizazi kwa vizazi, wakati nyuki wetu wameishi na nyegere, moto na binadamu mwenye shoka. Anayelinda nyumba kwa ukali ndiye aliyebaki. Akanitajia kilichotokea Brazil: nyuki walitolewa Afrika mwaka 1956, mwaka uliofuata makundi yakatoroka, na leo uzao wao umeenea mpaka Marekani.

Hilo la upole limenikaa. Nilikuwa nimeiga ufugaji wa nyuki wengine kwa kutumia nyuki wetu.

20 Novemba

Mzinga umehamia Hombolo, kwenye shamba la mdogo wake Baba.

Tulisubiri giza, wote warudi ndani. Mlango tuliziba kwa wavu wa dirisha ili hewa ipite. Ukiziba kwa tambara wanahangaika, wanapata joto, masega yanakatika na kundi lote linakufa kwenye asali yao wenyewe. Mwenye kirikuu alikuwa na wasiwasi, Baba akakaa nyuma na mzinga njia nzima. Tuliupakia masega yakiwa yanaelekea mbele ya gari: ukiyaweka kukingama, kila breki inayapiga ubavuni, na masega mapya ni laini kama ugali wa moto.

Ni lazima uwapeleke mbali kweli. Nyuki hutafuta chakula hata kilomita tatu kutoka mzingani. Ukiwahamisha kwa umbali huo au pungufu wanaijua njia, wanarudi kurundikana pale pale mzinga ulipokuwa.

Tumeutundika kwenye mgunga kwa waya, usawa wa kifua, nyegere asiufikie kwa urahisi. Hakuna nyumba karibu.

2 Desemba

Mvua ya kwanza. Beseni la maji nimeliacha bustanini hata hivyo.

12 Januari 2025

Baba ana habari. Ihumwa kuna mtu anasafisha kiwanja na amekata mkwaju mkubwa. Ndani ya tawi lililo wazi kuna nyuki wadogo wasiouma. Mwenye kiwanja alitaka kulichoma tawi lote pamoja na takataka.

Viwanja vinafunguliwa kila siku upande huu wa mji, na kila mti mzee unaoanguka una wakazi wake. Nyuki hawa hawawezi kuhama kama wale wakubwa: malkia wao akishaanza kutaga tumbo linavimba na haruki tena maishani. Mti ukichomwa, wanaungua na mama yao.

Kabla sijasema ndiyo kwa Baba, nimekwenda kwa mama jirani.

13 Januari

Nimemweleza yote nikiwa nimekaa kwake, si kwa juu ya ukuta. Kwamba ni nyuki, ndiyo, lakini mwiba wao umedumaa na hauchomi. Wakichokozwa wanaingia kwenye nywele na masikioni, wananata kwa utomvu, wanafinya kwa meno. Asali yao ni kidogo. Nimemwambia akisema hapana, tawi litakwenda Hombolo nalo.

Akataka kuwaona kwanza. Tumekwenda wote Ihumwa kwa bajaji. Kwenye tawi kulikuwa na mrija wa nta umetokeza kama kidole cha mtoto, laini, rangi ya hudhurungi, na nyuki walinzi wamejipanga ukingoni, vichwa vidogo vyeusi vinatazama nje. Mama akaweka kiganja mbele ya mrija. Wakaingia ndani, wakachungulia tena. Akakiacha kiganja pale kwa muda mrefu.

"Hawa waje," akasema.

14 Januari

Tawi, urefu wa mita moja na robo, limening'inizwa chini ya paa la stoo, kivulini, mrija ukiangalia bustani kama ulivyokuwa mtini. Tulilibeba bila kuligeuza, upande wa juu umebaki juu, maana vyungu vya asali vilivyofunguka vinamwagika.

3 Februari

Sisimizi. Mstari mzima umepanda kwenye nguzo ya stoo mpaka kwenye waya. Walinzi walikuwa wamezungushia mrija utomvu mbichi, sisimizi kadhaa wamenata humo, lakini vita ilikuwa inawaelemea. Nimefunga tambara lililoloweshwa oili chafu kwenye kila waya na kumwaga majivu chini ya nguzo. Kila Jumamosi nakagua kama tambara limekauka.

19 Aprili

Leo tumewahamishia kwenye boksi. Ningeweza kuwaacha kwenye tawi, lakini limeanza kuliwa na mchwa upande mmoja.

Boksi ni la mbao yenye unene wa sentimita nne, kwa ajili ya joto la mchana na baridi ya Juni. Baba alipasua tawi kwa patasi na nyundo, polepole, akifuata mshipa wa mti. Lilipofunguka hatukusema kitu. Katikati kulikuwa na majana, yamepangwa matabaka yaliyolala kama chapati zilizopandana, yamefunikwa kwa pazia jembamba la nta. Pembeni, vyungu vya asali na chavua, kila kimoja ukubwa wa punje ya zabibu, vimebandikana. Malkia nilimwona: mrefu kuliko wote, tumbo limevimba jeupe-jeupe, anatembea kwa shida. Baba alimchukua pamoja na kipande cha pazia alichokuwa amesimama, bila kumgusa kwa vidole.

Kosa letu lilikuwa vyungu. Tulipasua kama kumi, na tukavitia vyote ndani ya boksi, tukidhani watakula. Kabla ya magharibi nzi wadogo weusi walishafika kwa harufu ya chavua iliyomwagika. Hao wakitaga humo, funza wao wanamaliza kundi zima ndani ya siku chache. Tumefungua tena, tumetoa kila kilichopasuka, tumefuta kwa kitambaa kibichi, na kuziba nyufa zote za boksi kwa nta ya tawi lao wenyewe. Mrija wao wa zamani tumeubandika kwenye tundu la boksi ili waijue harufu ya nyumbani.

Binti wa jirani alisimama karibu muda wote. Jicho lilipona zamani, lakini tangu Novemba alikuwa akiona hata nzi anakimbia. Leo nyuki watatu walinasa kwenye nywele zake, akalia kidogo, bibi yake akamtoa mmoja mmoja na kumwonyesha kiganjani. Akarudi tena.

27 Aprili

Funza hawapo. Walinzi wako mlangoni. Wameanza kujenga ukingo mpya wa mrija.

21 Mei

Jana ilikuwa Siku ya Nyuki Duniani, nikakumbuka kuhesabu. Maboga yameshika kumi na moja msimu huu, bila mimi kupaka chavua kwa mkono. Sitasema ni kazi ya nyuki wadogo peke yao, mvua nayo ilikuwa ya kutosha, lakini kila asubuhi niliwakuta ndani ya maua, wametapakaa chavua mgongoni. Mama jirani naye ana matango upande wake, na anasema yamenyooka kuliko mwaka jana. Tango lenye uchavushaji hafifu huvimba upande mmoja na kupinda, kwa hiyo namwamini.

14 Juni

Hombolo na Baba. Saa kumi na mbili unusu jioni, nguo nyeupe, hakuna manukato, na hakuna aliyekula ndizi leo. Kundi ni kubwa na kali sana. Nilipofungua nilisikia ile sauti ya siku ya grenda na miguu ikaisha nguvu. Baba akaendelea kupuliza moshi taratibu mpaka ikashuka.

Masega kumi na manne. Tumekata matano ya mwisho, yaliyofunikwa kwa nta yote, na kuacha mengine yao kwa ajili ya kiangazi. Yenye majana hatukugusa.

Tumerudi na ndoo moja ya lita kumi, haijajaa. Chupa ya kwanza imekwenda kwa mama jirani, ya pili kwa fundi wa geti.

15 Juni

Nimevuta asali ya nyuki wadogo kwa sirinji mpya, vyungu vya pembeni tu. Imepatikana kama nusu kikombe, nyepesi, ina uchachu kama wa ukwaju. Ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa na huchachuka upesi, kwa hiyo nimeiweka kwenye friji.

Tambara la oili la waya wa kushoto limekauka. Kesho nalibadilisha.